Mshikieni Mtoto, Mama Yuko Darasani

Ndugu zangu wa Dodoma, nanyi wa Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida, mtaani kwenu yupo mama anayetaka kurudi kusoma. Huenda unamfahamu. Anauza nyanya kwa mafungu mbele ya nyumba, au anafua nguo za watu kwa siku. Shule aliiacha akiwa kidato cha pili. Sasa ana watoto wawili, wa mwisho hajaacha kunyonya, na madaftari yake ya zamani bado ameyatunza. Kwa ajili yake ninaandika wito huu.

Tusimwambie kwamba nafasi za kusoma hakuna, maana zipo. Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kwa waliokwishapita umri wa shule hizo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ambako masomo ya sekondari ya miaka minne husomwa kwa miaka miwili, mtu akianza na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya Sweden. Huku kwetu kuna Chisalu wilayani Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Vyuo hivi vina mpango uitwao Elimu Haina Mwisho: msichana aliyeacha shule anasoma sekondari, anajifunza ufundi na biashara, na mtoto wake analelewa hapo hapo chuoni.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulitazame vizuri. Watu wakiulizwa kwa nini akina mama hawasomi, jibu la haraka ni ada. Ada ni mzigo kweli, na nitaifikia. Lakini waulize wenyewe, utasikia swali jingine: nikienda darasani, mtoto namwachia nani?

Niliwahi kukaa nyuma katika darasa moja la jioni hapa mjini. Mama mmoja alikuja na mtoto wa miezi kama kumi. Mkono wa kulia ulikuwa unaandika, wa kushoto unampapasa mtoto mgongoni, na mwalimu alikuwa ubaoni na hesabu za milinganyo. Mtoto akaanza kulia. Mama akainuka haraka, kwa haya, akatoka nje. Akasimama dirishani akimbembeleza, shingo ameinyoosha, daftari amelibandika ukutani, ananakili kutoka kule kule nje. Hesabu ya tatu hakuiwahi, ubao ulikuwa umeshafutwa. Akili anayo, na bidii anayo kuliko wengi tuliosoma tukiwa hatuna wa kumlea. Alichokosa ni mtu wa kumshikia mtoto kwa saa mbili.

Saa mbili, jamani! Mtaa mzima unashindwa kutoa saa mbili?

Tumewahi kufanya makubwa kuliko hayo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Ilipofika 1986 waliobaki walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Kazi ile haikufanywa na walimu wa kuajiriwa peke yao. Aliyejua alimfundisha asiyejua, jioni, baada ya shamba, na mahali penyewe palikuwa popote penye kivuli. Wagogo nao tangu zamani hualikana palizi: leo kwangu, kesho kwako. Kushika mtoto wa mwenzako anayesoma si jambo geni kwetu.

Sasa ada. Uwanda huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Januari ndiyo mwezi wa palizi, ghala linaelekea kuwa tupu, na mama wa kipato kidogo anaishi kwa vibarua vya siku. Mwezi huo huo ndio madarasa ya jioni yanafunguliwa na ada inadaiwa. Uwele na mtama huvunwa Mei na Juni. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vituo na wenye shule za jioni: mruhusuni mama alipe kidogo kidogo, na sehemu kubwa ailipe baada ya mavuno. Hamtapoteza kitu kwa kusubiri. Mkimfukuza Februari mtakosa ada yote, naye atakosa mwaka.

Nanyi wanavikoba, nasema nanyi kwa matumaini makubwa. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, na desturi yetu ni kuutumia kwa misiba na ugonjwa. Ni desturi njema. Ongezeni jambo la tatu: mwanachama anayesoma, au binti wa mwanachama anayesoma na ana mtoto, asaidiwe ada ya mtihani na nauli. Wekeni kwenye katiba ya kikundi, ili asiwe anaomba kwa kuinama kila muhula. Akipewa kwa haki yake, hatakuwa na sababu ya kujificha akifeli somo moja.

Wachungaji, mapadri na masheikh, mna vyumba. Madarasa ya watoto ya Jumapili hukaa kimya Jumatatu hadi Ijumaa, na vyumba vingi vya madrasa havina mtu asubuhi. Chumba safi, mkeka, maji ya kunywa, choo cha karibu, na bibi wawili wanaoaminika katika mtaa, tayari tuna pa kuanzia. Ila msianze kimya kimya. Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kisajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona. Utaratibu huo unawalinda watoto, na mtoto wa mama maskini anastahili ulinzi ule ule wa mtoto wa bosi.

Bibi hao nao wanahitaji kula. Tusiwape kazi ya bure kwa jina la wema. Uzuri ni kwamba sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wanawake wa mtaa wakiunda kikundi cha kuendesha kituo cha watoto, hiyo ni biashara kama ya kufuga kuku au kushona nguo. Maafisa maendeleo ya jamii, wakija na andiko la namna hiyo, wasaidieni kulinyoosha badala ya kuwarudisha nyumbani.

Chuo kikuu nako kuna akina mama. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), chumba cha bweni ni cha mwanafunzi, si cha familia, kwa hiyo mwenye mtoto anapanga nje, Ng'hong'onha au Makulu, analipa kodi na kumlipa dada wa kumkalia mtoto. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na umepangwa kwa mtu mmoja. Waheshimiwa wabunge, mnakaa mji huu huu kila bajeti. Ulizeni bungeni: mwanafunzi mwenye mtoto mdogo, anayethibitishwa na ofisi ya ustawi wa jamii, kwa nini asifikiriwe nyongeza? Na vyuo vyetu vitenge walau chumba kimoja cha kunyonyeshea, chenye mlango unaofungwa.

Waume, sikieni pia. Wapo kati yenu wanaosoma usiku baada ya kuendesha bodaboda mchana kutwa, na wake zao huwawekea chakula na kuwanyamazisha watoto. Mke akisoma, mwenye kumwogesha mtoto jioni ni wewe. Mama mkwe na mawifi, lile neno la "unasoma nini sasa na wewe ni mama wa watu" limewatoa wengi darasani. Liacheni kabisa.

Kwa kila msomaji asiye na kikoba, chumba wala cheo: mwulize huyo mama wa mtaani kwako anasoma siku gani na saa ngapi, kisha mwambie siku moja katika wiki ambayo utamkalia mtoto. Siku moja tu, lakini isikose. Wakipatikana watu watano katika mtaa mmoja, wiki yake ya masomo imekamilika. Masomo huanza Januari. Kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii nendeni sasa, kabla mvua hazijaanza na kila mtu hajaenda shambani.