Karate ya Kyokushin: Tuchukue Nguvu, Tuache Rukuu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, vijana wetu huwauliza walimu wao mara kwa mara: je, yajuzu kwa Muislamu kujifunza karate? Wengi wetu hujibu kwa neno moja, ima halali ima haramu, kisha tukaendelea na darsa. Jibu la namna hiyo halimtoshelezi kijana, wala haliafikiani na njia ya maulamaa, ambao wametufundisha kuwa hukumu juu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe. Basi na tuitazame aina moja ya karate ambayo imeenea sana duniani na ambayo ni ngumu kuliko nyingi, nayo ni Kyokushin.

Mwanzilishi wake ni Masutatsu Oyama, aliyezaliwa Korea mwaka 1923, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Japani. Alihamia Japani akiwa kijana, akasoma karate kwa Gichin Funakoshi, kisha akajifunza mtindo wa Goju-ryu. Baadaye alijitenga milimani kwa muda mrefu, akifanya mazoezi peke yake. Mwaka 1953 alifungua ukumbi wake wa kwanza mjini Tokyo, na mwaka 1964 akaanzisha jumuiya ya kimataifa ya mtindo wake. Jina Kyokushin maana yake ni "ukweli wa mwisho". Oyama alifariki mwaka 1994, na baada yake wafuasi wake waligawanyika katika makundi kadhaa, kila kundi likiwa na uongozi wake.

Kinachoitofautisha Kyokushin na mitindo mingine ni kwamba wapiganaji hupigana kwelikweli. Katika mitindo mingi ya karate mpiganaji huzuia pigo lake kabla halijamuumiza mwenzake, na mwamuzi humpa alama. Katika Kyokushin watu wazima hupigana bila ya glavu, na pigo hufika kwa nguvu zake zote kifuani, tumboni na mapajani. Kumpiga mtu ngumi ya uso kumekatazwa, lakini teke na goti la kichwani vimeruhusiwa. Mshindani akiangushwa chini kwa pigo asiweze kuinuka kwa sekunde chache, pambano limekwisha. Mtihani wao mkubwa kabisa ni kupambana na watu 100, mmoja baada ya mwingine, katika siku moja. Waliokamilisha mtihani huo ni wachache mno.

Hakuna shaka kwamba ndani ya mafunzo haya mna manufaa. Yanajenga mwili, yanafundisha subira juu ya maumivu, na yanamzoesha kijana kumtii mwalimu na kufika kwa wakati. Dini yetu haipingani na hayo. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul-Anfal tuandae nguvu kadiri tuwezavyo. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) amemtanguliza muumini mwenye nguvu mbele ya muumini dhaifu, ijapokuwa kila mmoja wao ana kheri. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) kushindana mweleka na Rukana na kumwangusha, ingawa wanazuoni wana maneno juu ya sanadi yake. Kwa hiyo anayesema kuwa kila mchezo wa kupambana ni haramu, juu yake ni kuleta dalili.

Lakini yapo mambo matatu ambayo Muislamu hawezi kuyafumbia macho.

La kwanza ni kiapo. Wanafunzi wa Kyokushin husoma kwa pamoja ahadi saba zinazoitwa dojo kun, na mara nyingi husoma kwa Kijapani. Nyingi kati ya hizo ni nzuri: kuimarisha mwili na moyo, kushika adabu, kuwaheshimu wakubwa. Ya tano ndiyo yenye mushkeli. Katika Kijapani chake, msomaji anaahidi kuitukuza miungu na Mabuddha, pamoja na kutosahau unyenyekevu. Katika tafsiri nyingi za Kiingereza maneno hayo yamelainishwa, yakawa ni kufuata misingi ya dini tu. Kijana wa Kiislamu anayeisoma tafsiri haoni ubaya, kisha anasimama ukumbini na kutamka kwa ulimi wake, katika lugha asiyoijua, jambo ambalo linagongana na shahada anayoikariri katika kila swala. Hatumwambii kijana huyo kwamba amekufuru, kwani hakujua alichokisema na wala hakukikusudia. Tunamwambia: sasa umejua, basi nyamaza wenzako wanapoifikia ahadi hiyo.

La pili ni kuinama. Mazoezi hufunguliwa na kufungwa kwa wanafunzi kupiga magoti, kufumba macho kwa utulivu, kisha kuinama mikono ikiwa sakafuni, kwanza kuelekea mbele ya ukumbi, halafu kwa mwalimu, halafu wao kwa wao. Kumbi nyingi za Japani huwa na kibanda kidogo cha ibada ya Shinto upande huo wa mbele, na katika baadhi ya kumbi za Kyokushin amri inayotolewa hapo maana yake ni kuinama mbele ya miungu. Watetezi husema kuwa hiyo ni mila ya salamu ya Wajapani, si ibada. Tuwafanyie uadilifu: kuinamiana watu wawili ni salamu kweli kwa Wajapani, na si sawa na kuinamia kibanda cha ibada. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama mtu amwinamie nduguye anapokutana naye, alikataza, akaruhusu kupeana mikono, kama ilivyo katika hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi. Ikiwa salamu ya kuinama imekatazwa baina ya ndugu, itakuwaje kuinama kuelekea ukuta wenye kibanda cha ibada? Rukuu na sijda ni haki ya Allah (s.w.) peke yake.

La tatu ni uso na kichwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ngumi ya uso Kyokushin wameiacha, lakini teke la kichwa linampeleka mtu chini akiwa hana fahamu, na umati unashangilia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1987, liliharamisha ndondi kwa sababu zimejengwa juu ya kuhalalisha kumdhuru mwenzio, madhara yanayoweza kufikia upofu, ubongo kuharibika au mauti. Baraza halikukataza mieleka ya mazoezi isiyokuwa na madhara. Kwa kipimo hicho, kufanya mazoezi ya mapigo hewani au kwenye mto, na kupambana kwa kiasi na mwenzio bila ya kugusa uso wala kichwa, tunaona hakuna ubaya. Ama mashindano ya kumzimisha mtu kwa teke la kichwa, hukumu yake haiko mbali na ile ya ndondi.

Rai yetu, basi, ni kwamba kijana asikatazwe mazoezi, bali awekewe mipaka. Kabla ya kulipa ada, aende kwa mwalimu na kumweleza kwa adabu: mimi ni Muislamu, nitasimama wima wenzangu wanapoinama, sitaitamka ahadi ya tano, sitapiga wala kupigwa kichwani, na wakati wa swala ukiingia nitatoka kuswali. Mwalimu anayefundisha heshima atayaheshimu hayo. Akikataa, ardhi ya Allah ni pana, na mwili hujengwa kwa njia nyingi.

Nanyi wazazi na maimamu, msitosheke na kukemea. Kijana ana nguvu, na nguvu hutafuta pa kwenda. Ikiwa sisi hatuna la kumpa ila makatazo, atakwenda kwa anayempa mazoezi, na pamoja na mazoezi atapokea kila kinachokuja nayo. Ukumbi wa madrasa unaokaa mtupu baada ya Alasiri unaweza kuwa mahali pa mazoezi, chini ya mwalimu mwenye elimu na tabia njema. Na tumkumbushe kijana kwamba Mtume (s.a.w.) hakumhesabu mwenye nguvu kuwa ni yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mtihani huo hauna mkanda mweusi, na kila siku tunaufanya.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu afya ya miili na usalama wa itikadi. Wabillahi tawfiq.