Mbwa: chakula kikavu ao cha mukebe?

Mama mumoja wa kikundi ametuuliza: mbwa wake muzee, mulinzi wa nyumba, anaacha chakula kikavu, je, anunue cha mukebe kwa pesa ya unga wa watoto? Tunasema hapana. Cha mukebe ni laini kwa sababu karibu 75 kwa mia ni maji; kikavu kiko na karibu 10 tu. Basi tuloweke kile kikavu katika maji ya vuguvugu, hata meno mabovu yatakiweza. Kikibaki, tukitupe siku ile ile, maana kinaoza. Tukimuongezea bugali na sambaza, tusitie chumvi wala kitunguu: kitunguu ni sumu kwa mbwa. Akikataa kula siku mbili, tumupeleke kwa munganga wa wanyama.