Amri na Mto

Nairobi ni jina la maji. Wamasai walioliweka walikusudia mahali penye maji baridi. Jina limebaki, maji yameharibika. Mto upitao katika mji huo huchukua uchafu wa vyoo, mafuta ya magari na taka za viwanda, ukaungana na Mto Athi, ukashuka kwa majina ya Galana na Sabaki hata Bahari ya Hindi. Kando ya Sabaki, huko Baricho, ndiko yavutwako maji yanywewayo Malindi na sehemu ya Mombasa. Amwagaye taka bara humwagia mtungini mwa mtu wa pwani.

Si kwamba nchi imekosa sheria. Sheria ya mazingira ya Kenya ilitungwa mwaka 1999, na kanuni za ubora wa maji zikafuata mwaka 2006. Humo imeagizwa kuwa mwenye kiwanda asiachilie maji machafu mtoni ila kwa kibali. Kibali hakimwambii avunje kiwanda. Humwambia asafishe kwanza, kwa vipimo vilivyowekwa, ndipo aachilie. Basi amwagaye bila kibali hakusahau karatasi, amekataa kupimwa.

Serikali nayo hutoa amri, na mara kwa mara viwanda hufungwa. Lakini amri isemayo “acha” bila kusema “rudisha” ni nusu ya amri. Lango likifungwa leo na kufunguliwa baada ya juma moja, mwenye mali amepoteza juma moja, na mto haukupata kitu. Faini ikiwa ndogo kuliko gharama ya mtambo wa kusafishia, si adhabu tena. Ni ushuru wa uchafu, na tajiri huulipa kwa furaha. Walakini sheria ile ya mwaka 1999, kifungu cha 108, yatoa uwezo wa kumwamuru mharibifu arudishe mazingira katika hali yake, alipe gharama, na awafidie waliodhurika. Kuwa na panga kama hilo na kuliacha alani ni kumlinda mwizi.

Wamo wasemao kuwa viwanda ni riziki ya maskini, visiguswe. Je, mkulima anyweshaye mboga kwa maji ya Athi ni tajiri? Mchunga ng’ombe wa bondeni ni tajiri? Riziki ya mmoja haiwi ruhusa ya kumtilia mwenziwe sumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka faida ya kiwanda sharti abebe gharama ya taka zake.

Tena sheria ni msumeno. Nyumba nyingi za Nairobi hazina mabomba ya maji machafu, na uchafu wake huishia mtoni. Hapo mkosaji ni wenye mamlaka wenyewe. Amri impatayo mwenye machinjio na isiyothubutu kubisha hodi katika ofisi ya mji si haki, ni uonevu.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kushtaki uharibifu wa mazingira bila kuthibitisha kuwa amedhurika yeye. Basi amri zitangazwe hadharani, zitaje kazi ya kutendwa, siku ya mwisho na mlipaji, ili raia aweze kudai zitimizwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mkono umwagao waweza kushikwa.