Kisiwa cha Ndovu Mlangoni Petu

Si kila kisiwa kimo baharini. Katika kaunti ya Embu, huko Mbeere, ambako mto Thiba huungana na mto Tana, kiko kisiwa kilichozingirwa upande mmoja na maji ya bwawa la Kamburu, na pande nyingine na waya wa umeme na mashamba ya watu. Ndani yake wamo ndovu, nyati, viboko na mamba, na pori la miiba ambalo mgeni hulidharau mpaka mvua inyeshe. Jina lake ni Hifadhi ya Taifa ya Mwea. Ilitangazwa mwaka 1976, na eneo lake ni kilomita za mraba 42 tu. Nakuuliza, msomaji kijana: umepata kufika?

Jibu la wengi wenu nalijua, kwa maana nimewauliza vijana wanaokuja chuoni kujifunza ualimu. Wametoka Embu, Siakago, Chuka na Meru. Bahari ya Mombasa wameiona. Majumba marefu ya Nairobi wameyapanda mpaka juu na kupigwa picha. Lakini kisiwa hiki, ambacho basi laweza kukiendea asubuhi na kurudi jioni, ni wachache mno waliokikanyaga. Nasema hii ni aibu, wala si aibu ya wanafunzi. Ni ya wakubwa wanaopanga safari zao, wakidhani kuwa elimu huongezeka kwa kadiri ya urefu wa barabara.

Watu wenye maoni hayo wana hoja zao, na yapasa tuzisikie.

Wako wanaosema, "Mnyama wa mwitu ni adui, na adui hatembelewi." Hoja hii siichezei. Mkulima aliyelima miezi mitatu, kisha akaamka akakuta mahindi yake yamelala chini kama mkeka, hana furaha ya kuimbiwa uzuri wa ndovu. Wako waliopoteza zaidi ya mahindi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama, na kila mtu ajua kuwa ahadi hiyo imetembea polepole kuliko kobe. Lakini je, kutokwenda kwako kumemponya mkulima yupi? Ugomvi wa jirani na jirani hauamuliwi na mtu asiyemjua hata mmoja wao. Ikiwa ndovu ni adui, basi hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kumjua: anakula nini, anapita wapi, anaogopa nini.

Tazama yaliyotokea Mwea. Mwaka 1979 ndovu walikuwa 49. Wakalindwa, wakazaa, na kufikia mwaka 2024 walikuwa 156, katika mahali ambapo wataalamu wanasema pawezapo kulisha 50 tu. Ndovu mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Zamani ndovu waliozidi wangaliondoka kwa miguu yao, wakifuata njia walizofundishwa na mama zao. Sasa njia hizo zimekatwa na waya, vijiji na mashamba. Basi mwezi wa Oktoba mwaka ule ndovu 50 walilazwa usingizi kwa dawa, wakanyanyuliwa kwa mashine, wakapakiwa katika malori na kupelekwa Mbuga ya Aberdare. Kazi ile ilifanywa kwa ustadi, nami naisifu. Lakini waliobaki hawakuacha kuzaa, na hicho kisiwa hakikui. Malori yatahitajiwa tena, au shauri lingine.

Nani atatoa shauri hilo? Ni ninyi. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano, mmoja wenu atakuwa diwani, mwingine daktari wa mifugo, mwingine mkulima aliyepakana na waya. Siku moja mtu atasimama katika baraza aseme kuwa kilomita 42 ni nyingi mno kwa wanyama, na kwamba zigawanywe viwanja. Huenda akawa na haki, huenda akawa ni tapeli. Mtampimaje, ikiwa nyote mnaijua Mwea kwa kusikia tu?

Hoja ya pili yaniudhi zaidi, kwa kuwa imo katika mawazo yetu wenyewe: kwamba pori ni la watalii. Mwaka 1960 Joy Adamson alichapisha kitabu juu ya Elsa, simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini katika nchi ya Meru. Elsa alikufa mwaka 1961, na kaburi lake limo ndani ya Mbuga ya Meru. Watu wa Ulaya na Marekani waliokisoma wakalilia, nao wakaja. Sina neno baya juu ya machozi yao. Nauliza tu, kwa nini mtoto wa Maua, aishiye karibu na mbuga hiyo, apate habari za Elsa kutoka kwa mtu wa London? Na mwaka 1988, majangili walipowaua vifaru weupe watano ndani ya mbuga hiyohiyo, ingawa walikuwa wakilindwa, aliyepotelewa ni nani: mtalii, au sisi? Mtalii ana nchi nyingine ya kwenda.

Hata ndege wetu tumewaachia wengine kuwabatiza. Mwea yuko ndege mdogo wa kahawia, mwenye mabaka meupe na jicho jekundu, asiyepatikana duniani ila katika Kenya. Vitabuni huitwa kwa jina la Hinde, ofisa Mwingereza wa zama za ukoloni. Bila shaka mababu wa Mbeere walimwona kabla ya Hinde kuzaliwa.

Juu ya gharama sitasema mengi. Shule inayopata fedha za kwenda Mombasa imekwisha kujijibu.

Basi mwombeni mwalimu wenu safari hiyo, na mkiipata msiende kama watalii. Makelele yaacheni garini, na mifuko ya plastiki nyumbani. Kabla ya kuondoka, mwendeeni mzee yeyote wa Mbeere, mwandike majina ya miti na wanyama kama alivyoyasikia kwa baba yake. Mkifika, tafuteni kila kimoja. Mkiwa juu ya maji, tazameni upande wa pili, mwone shamba la kwanza liko umbali gani. Kisha mwulizeni askari wa wanyama jambo moja ambalo halimo vitabuni: waya ule umevunjwa mara ngapi mwaka huu, na katika mara hizo, ngapi ulivunjwa na ndovu, na ngapi na watu.