Kulala Chini ya Chuma Peke Yako

Vijana wengi wa Ng'ambo na Mji Mkongwe wapendao kujenga kifua hutumia chuma walichokitengeneza wenyewe: kipande cha bomba la maji, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na ubao wa kulalia uani. Hakuna ubaya katika ubunifu huo. Ubaya huanza pale mtu anapolala chali chini ya chuma hicho bila ya mwenziwe wa kusimama kichwani.

Hebu tupime. Sahani ya mashindano ya kilo 20 ina kipenyo cha sentimita 45. Ukilala sakafuni na mikono ikakushinda, sahani hutua kwanza, na chuma kikabaki zaidi ya sentimita 20 juu ya sakafu. Kopo la rangi la lita nne halifikii hata nusu ya upana huo. Kwa hiyo kitakachopokea uzito ni mbavu zako, au shingo yako. Juu ya benchi mambo ni mabaya zaidi, kwani ncha huning'inia hewani na hata sahani kubwa haikuokoi. Mwenye sahani za kuvua huacha kufunga vibanio anapokuwa peke yake, ili akielemewa ainamishe upande mmoja zidondoke. Zege haidondoki.

Tena uzito wake haujulikani. Lita moja ya zege ina kiasi cha kilo 2.4, hivyo kopo la lita nne likijaa linapita kilo 9. Lakini fundi aliyejaza moja hadi ukingoni na la pili nusu inchi chini amekupa chuma cha kupinda mgongo. Yapelekeni mizanini kabla ya kuyafunga.

Ukilazimika kunyanyua peke yako, zungusha kidole gumba kwenye chuma. Wapo wanaokiacha nyuma kwa mbwembwe, na jasho la wakati wa kaskazi halina urafiki na mbwembwe. Shusha chuma chini kidogo ya chuchu, kamwe si kuelekea shingoni, na ukome ungali na nguvu za kunyanyua mara mbili zaidi. Kikikushinda, kiviringishe polepole tumboni hadi mapajani, kisha uketi. Kufanya hivyo kunauma, na kwa uzito mkubwa hakuwezekani.

Mimi ningekushauri utumie baraza. Mtu wa kilo 70 anapopiga pushapu sakafuni, mikono yake hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wake, yaani kilo 45 hivi. Makopo yako mawili pamoja na bomba hayafiki hapo! Na akichoka, hulaza kifua chini tu, hakuna cha kumwangukia.

Anayeanza, akina mama wakiwamo, aweke mikono juu ya baraza na miguu chini. Akimudu 15 kwa utulivu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, ashuke sakafuni. Siku tatu kwa wiki zatosha, na mchukuzi aliyeshinda akibeba magunia bandarini Malindi apumzike siku hiyo. Sakafuni akifika 20 bila ya kutetemeka, ageuke: miguu barazani, mikono chini, aanze tena na tano.