Mficha Maradhi na Jirani Mchoyo

Anayepanda meli jioni hapa Mwanza hushuka Bukoba asubuhi, na kutoka Bukoba hadi mpaka wa Uganda pale Mutukula si mbali. Wavuvi wa Tanzania, Kenya na Uganda hukutana majini kila siku. Kwa hiyo sisi wa kandokando ya ziwa hatuwezi kusema kwamba sheria za kimataifa za afya ni mambo ya Geneva.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kubaini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa. Nchi yetu iliwahi kunyamaza: mwaka 2020, baada ya kutangaza wagonjwa 509 wa UVIKO-19 na vifo 21, iliacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wahenga walishatuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Machi 21, 2023 tulifanya vizuri zaidi. Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, wataalamu wakafuatilia waliokutana na wagonjwa, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Watu 6 walifariki. Tunawaombea. Lakini ukweli uliosemwa mapema uliwaokoa wengine, hata ng'ambo ya ziwa.

Hata hivyo, ukweli una gharama. Novemba 2021 Afrika Kusini iliitaarifu dunia kuhusu kirusi cha Omikroni. Ndani ya siku chache mataifa tajiri yakazuia safari za ndege kutoka huko. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020. Shehena yetu ya kwanza ya chanjo ilifika Julai 2021. Nani atasema kweli ikiwa malipo yake ni kufungiwa mlango na kuwekwa mwisho wa foleni?

Mei 20, 2025 nchi wanachama wa Shirika hilo zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Mlipuko, lakini kiambatisho cha kugawana sampuli za vimelea na manufaa yake, zikiwamo chanjo, kikaachwa kijadiliwe baadaye. Kwetu sisi, hapo ndipo penye moyo wa mkataba. Amri ya nane inatudai ukweli. Haki inamdai aliyeupokea asimwache aliyeusema afe bila dawa. Serikali yetu isimamie yote mawili: isifiche tena, na isikubali kutoa sampuli bila ahadi ya chanjo iliyoandikwa.