Giacometti Hakupunguzwa na Njaa

Makala ya toleo lililopita inadai kwamba watu wa mchongaji Alberto Giacometti ni wadogo na wamekonda kwa sababu Vita vya Pili vya Dunia vilimwonyesha njaa, na kwamba vile visanamu vyake vya kimo cha kidole ni majaribio tu ya kazi kubwa. Yote mawili nayakataa.

Tarehe zinamkana mwandishi. Visanamu vilianza kunywea mikononi mwa Giacometti kabla vita havijaanza. Mwaka 1939, kwenye maonyesho ya taifa ya Uswisi mjini Zurich, alitaka kisanamu kidogo cha plasta kisimame juu ya kitako kikubwa, waandaaji wakakikataa. Miaka ya vita aliimaliza Geneva, ambako hakukuwa na mapigano, na baadhi ya kazi zake zilienea ndani ya kiberiti. Ule urefu maarufu wa sanamu zake ulikuja baada ya 1945.

Alichokuwa akikiwinda kwa udogo huo ni umbali: alieleza mwenyewe jinsi alivyomwona rafiki yake Isabel akiwa mbali, katika barabara ya Paris.

Sogelea kisanamu chake kimojawapo cha shaba. Utaona alama za vidole na za kisu, uso finyu, halafu kitako kinene kuliko mtu mwenyewe. Hicho kitako (ambacho makala haikukitaja hata mara moja) ndicho kinachomsukuma mtu nyuma. Hata ukiinama pua ikaribie kumgusa, bado yuko ng'ambo ya barabara. Jaribio gani hilo linalomiminwa kwa shaba na kutengenezewa jukwaa lake?